Gari Mbili na Kiti cha Ukweni

Mimi sikuzoea kuchanganyikiwa. Nataka hilo lieleweke kwanza, kabla sijafika kwenye habari ya gari. Shule niliiachia darasa la tano, na sioni aibu kulisema, kwa sababu wengi waliomaliza leo wananipigia simu kuomba lifti. Nilianza kwa kubeba mikungu ya ndizi kwa baiskeli, nikahamia kwenye kahawa, kisha mbao, na leo nina nyumba Ijuganyondo yenye madirisha ya alumini na uwanja ambao lori linageuka bila kurudi nyuma. Kahawa ya maganda naing'ata punje moja nakwambia imekauka au mwenyewe kaimwagia maji ili ipande mzani. Mkungu wa ndizi nautazama ukiwa bado mgombani nakwambia utashibisha msiba au utaishia kwa wachimba kaburi. Mbao, kiwanja, ng'ombe, hata mke, vyote nilichagua kwa jicho langu mwenyewe na sijawahi kurudi kubadilisha.

Halafu zikaja gari mbili zikanishinda.

Lori halijawahi kunishinda, na pikapu naijua kama ninavyojua mfuko wa koti langu. Hizi ni zile gari za familia zilizoinuliwa kidogo, ambazo siku hizi zimejaa Bukoba kama senene kwenye taa. Ukiiita gari ndogo, mwenyewe ananuna. Ukiiita jipu, mwenye jipu anacheka. Ziko katikati, na mimi vitu vya katikati ndivyo vinavyonipa shida.

Sababu ya kuzitafuta ni mama mkwe wangu. Anaishi Nshamba, mjane, kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na marehemu mumewe, pamoja na mwanawe wa kiume, shemeji yangu. Msimu mmoja wa mvua aliteleza kwenye maganda ya migomba akavunjika nyonga. Vijana wa jirani walimbeba kwa engozi, machela yetu ya asili, wakampandisha nyuma ya pikapu yangu, akafika hospitali Bukoba akiwa amefumba macho njia nzima. Mfupa uliunga. Kilichobaki ni nyonga kukaza. Daktari akamwambia mke wangu wazi: mama aje kliniki ya mazoezi mara kwa mara, asipokuja nyonga itaganda, na ikishaganda hatasimama tena.

Tatizo likawa namna ya kumleta. Kupanda pikapu hawezi, mguu haufiki. Pikipiki ni kumuua. Nikapendekeza vijana wamwinue tena, wamweke kitini taratibu, mara moja tu. Jibu lake aliniletea mke wangu.

"Amesema alibebwa mara moja akiwa amevunjika," mke wangu akasema. "Mara ya pili mtambeba akiwa hana habari."

"Sasa anataka aje kwa miguu?"

"Anataka gari ambayo ataingia mwenyewe. Usipoipata, baba watoto, mama yangu atamalizia maisha kitandani, na wewe ndiye utakuwa unampelekea sabuni."

Maneno hayo yaliniingia. Kesho yake nikaenda kwenye yadi moja ya magari pale mjini. Dalali aliniona nikishuka, akanikimbilia kama ndugu aliyepotea.

"Bosi wangu! Leo umekuja mahali penyewe."

Alikuwa na gari mbili za aina hiyo, zimesimama bega kwa bega. Majina yake ya kiwandani sitayaandika, wenye viwanda hawajanilipa. Moja nyeupe. Nyingine nyekundu iliyoiva, nyekundu ya kahawa ambayo ukichelewa siku moja ndege wanaiwahi. Macho yangu yalikwenda kwa nyekundu yakakaa huko. Lakini mimi ni mfanyabiashara, nikaanza kuuliza ya nyeupe.

"Hii nyeupe, bosi, ni ng'ombe wa maziwa," dalali akasema. "Injini kubwa kidogo, gia zake otomatiki za kawaida, fundi yeyote hapa anaifungua akiwa amefumba macho. Buti unaingiza mikungu yako. Mlango wa nyuma, tazama, unafunguka mpaka unaomba radhi."

"Na nyekundu?"

"Hiyo ni farasi. Mpya kuliko mwenzake, injini ndogo, mafuta hainywi, inanusa tu. Ukiwasha husikii kitu. Ina kamera ya nyuma."

"Na ubaya wake?"

"Haina ubaya, bosi."

"Na wa nyeupe?"

"Nayo haina."

"Sasa kama zote hazina ubaya, kwa nini wenyewe walizikimbia?"

Akacheka, akanipiga begani, akasema hiyo ndiyo raha ya kufanya biashara na watu wenye akili. Niliikubali sifa hiyo, lakini jibu sikulipata.

Siku ile niliziendesha zote mbili, yeye akiwa pembeni na pikapu yangu imebaki pale yadini kama amana. Tulikwenda na nyeupe mpaka vilima vya kabla ya Muhutwe. Ilipanda bila kulalamika, ila kwenye matuta ilikuwa ngumu, inakurusha kama punda asiyekupenda. Dashibodi yake pana na tupu, kama meza ya ofisi ya kata. Sindano ya mafuta niliiona ikishuka kwa macho yangu. Tukarudi, tukachukua nyekundu. Nilipoiwasha mwanamke akanisalimia kwa Kijapani kutoka kwenye kioo cha redio.

"Anasema nini huyu?" nikauliza.

"Anakukaribisha, bosi."

"Una uhakika hasemi kwamba gari imeibiwa?"

Ile nyekundu iliteleza barabarani kama mafuta kwenye kikaango. Matuta ilipita hata chai usingeimwaga. Nikaanza kujiona kijana. Tulipofika vilimani nikakanyaga, injini ikapiga kelele nyingi, mwendo ukaongezeka kidogo kidogo. Nikamuuliza kulikoni. Akasema giaboksi yake ni ya mkanda, haibadilishi gia kwa kushtua kama nyingine, inavuta taratibu, na inataka mafuta yake maalum, ukiweka mengine imekufa. Nikauliza mafuta hayo yanapatikana Muleba? Akasema Mwanza yapo. Nikauliza spea zake? Akasema Dar es Salaam ziko tele. Nikawaza, mgonjwa yuko Nshamba, hospitali iko Bukoba, na dawa ya gari iko Dar es Salaam.

Nilirudi nyumbani kichwa kimejaa. Nyeupe ina nguvu, inakunywa. Nyekundu hainywi, ina mkanda. Nyeupe inarusha, lakini iko juu kwenye madimbwi ya njia ya kibanjani. Nyekundu inatulia, lakini paa lake limeshuka kwa nyuma, mtu mrefu anaingia ameinama kama anaingia kuungama. Bei zilikaribiana kiasi kwamba hata bei haikunisaidia. Kwenye mzani wa kahawa, nilipowauliza wenzangu, kila mmoja alisifu gari ya shemeji yake na kutukana ya jirani yake. Ikafika mahali nikitazama uji asubuhi nawaza cc za injini.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Mama anaingiaje?"

Katika maneno yote yale ya injini na mkanda, nyonga ya mama yake sikuwa nimeigusa.

"Daktari alisema," akaendelea, "hawezi kupanda juu, na hawezi kujikunja chini. Anatakiwa arudi kinyumenyume, akae kwanza, ndipo miguu igeuzwe. Kiti cha gari kiwe sawa na kiti anachokaa na kuinuka mwenyewe nyumbani. Basi. Wewe keshokutwa si unakwenda Nshamba kwenye kahawa? Kapime kiti cha mama."

Mtu wa mbali atauliza kwa nini nisichukue zile gari nikampelekee mama mwenyewe azijaribu, inayomfaa ninunue. Huyo hana wakwe kwetu. Ukweni hupeleki kitu cha kujaribu ukakirudisha. Kikishaingia kwenye uwanja wa mkwe, kimeingia. Ningetoka na gari pale bila kuinunua, Nshamba nzima ingesema yule tajiri wa Ijuganyondo alimwonjesha mkwewe akamnyang'anya.

Na kumpima mwenyewe haiwezekani hata kwa kutania. Mama mkwe wangu ni wa zamani. Sijawahi kushikana naye mkono. Sijawahi kula naye meza moja. Nikifika, kabla sijavua kofia yeye yuko chumba cha ndani, na tunasalimiana kwa pazia. Vijana wa siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao, mimi siwahukumu. Lakini yule mama sauti yake naijua kuliko uso wake.

Basi nikaenda Nshamba. Shemeji hakuwepo, alikuwa shambani. Sebuleni kilikuwepo kile kiti ninachokijua miaka yote, cha mninga, chenye mikono, mto mnene na kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, chini ya picha ya Familia Takatifu. Ndicho kiti kizuri kuliko vyote mle ndani. Kila nikija nakikuta kitupu nami nakaribishwa hapo, na siku zote niliamini mama ameinuka aliposikia muungurumo wa gari, akanipisha.

"Karibu, baba," sauti ikasema nyuma ya pazia. "Za Bukoba?"

"Nzuri, waitu," nikajibu kwa neno letu la heshima. "Na mguu?"

"Mguu upo. Unanisikiliza unapotaka."

Alikwishanitengea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Nikaweka punje mdomoni, nikatoa mfukoni kamba ya mgomba niliyoichuna nje, nikapiga magoti. Nikashusha kamba kutoka juu ya mto mpaka sakafuni, nikafunga fundo. Kiti kikalia kwa kusukumwa.

"Baba, umeangusha kitu?"

"Hapana, waitu. Nafunga kiatu."

Niliondoka pale nikijisifu. Nilijiambia msomi angeandika barua, angeita wataalamu, angeomba ramani. Mimi nimemaliza kwa kamba ya mgomba.

Yadini nikafungua mlango wa nyuma wa nyeupe, nikasimamisha kamba. Fundo likagota kwenye kiti sawasawa, kana kwamba Mjapani aliyeitengeneza aliwahi kufika Nshamba. Nikaenda kwa nyekundu. Kiti kilikuwa chini ya fundo kwa upana wa kiganja. Nikapima tena, kiganja kilekile. Nikaisukuma kamba kidogo kuisaidia. Ilikataa.

Wakati huo shemeji akatokea. Alikuwa amekuja mjini kwa shughuli zake, nami nilimwambia anikute pale.

"Mulamu," akasema, hivyo ndivyo tunavyoitana sisi mashemeji kwa Kihaya, "niambie hununui hiyo nyeupe."

"Ina nini?"

"Utafanana na watu wa kugawa vyandarua! Ukipita Nshamba akina mama watakutolea majina ya watoto."

"Na nyekundu?"

"Nyekundu ni ya mtu. Mama akishuka humo hata nyonga itaona aibu kuuma." Akaiona kamba. "Na hiyo ya nini? Umekuja kufunga mbuzi?"

"Ya kupimia."

"Kupimia nini?"

"Vitu vyangu."

Sikumweleza. Mtu niliyejenga nyumba kwa akili yangu sikuona haja ya kumfundisha shemeji hesabu zangu. Nikaizunguka nyekundu mara ya mwisho, nikaigusa boneti. Dalali aliniona, akaja na sauti ya upole kama ya mtu wa msibani.

"Bosi, moyo wako uko huku."

"Moyo uko huko. Fundo liko kule."

Hakuelewa, na sikumlaumu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nusu nusu. Nikanunua nyeupe.

Siku ya kliniki tuliondoka Ijuganyondo asubuhi, mimi na mke wangu. Nilikuwa nimeiosha ile gari mpaka migomba ya njiani inajiona. Tulipofika Nshamba niliingia nayo mpaka mbele ya mlango, nikafungua mlango wa nyuma kwa fahari, mpaka ukaomba radhi, kisha nikarudi pembeni na kugeuza uso kutazama mibuni, kama inavyotakiwa.

Nikasikia mkongojo. Nikasikia mke wangu anasema, "Geuka, mama. Rudi nyuma. Bado kidogo." Nikasikia shemeji anasema, "Kaa sasa." Halafu pumzi ya mtu anayejizuia kulia.

"Kiko juu," mke wangu akasema.

"Hakiwezi kuwa juu," nikasema bila kugeuka. "Nimepima."

"Kiko juu, nakwambia. Makalio hayafiki. Mama, jaribu tena."

Akajaribu tena. Mkongojo ukaanguka. Shemeji akasema, "Basi nimwinue kidogo tu," na ile sauti ya nyuma ya pazia, ambayo safari hii haikuwa na pazia, ikasema, "Nimesema sibebwi. Nirudisheni ndani."

Mke wangu akaja mpaka nilipo. Macho yalikuwa mekundu.

"Ulipima kiti gani?"

"Cha mama. Kile cha mninga."

Nilidhani atanitukana, ningefahamu la kufanya. Badala yake akaweka mkono mdomoni.

"Mungu wangu! Kile si cha mama. Kile ni chako."

"Changu vipi?"

"Kiti cha mkwe. Baba alikichongesha ulipokuja kutoa mahari, kwa urefu wako. Tangu siku hiyo hakikaliwi na mtu. Ukiondoka mama anakifunika shuka. Yeye anakaa kwenye kigoda chake jikoni, na kitandani. Hukujua?"

Sikujua. Na ningejuaje? Nikifika yuko ndani, nikiondoka bado yuko ndani. Nilisimama pale kwenye mibuni, mwenye nyumba ya alumini, nikijaribu kuelewa kwamba nimechagua gari ya mgonjwa kwa makalio yangu mwenyewe.

Shemeji, ambaye hana huruma, akasema, "Kwa hiyo mulamu, ile kamba ulikuwa unajipima?"

"Nyamaza," mke wangu akamwambia.

Nikaanza kuwaza haraka. Nirudi yadini nikabadilishe? Gari imekwishakanyaga uwanja wa mkwe, haitoki ikarudi kuuzwa. Niweke tofali? Atateleza. Nichimbe shimo la magurudumu? Hapo hapo mvua ilikuwa inakusanyika upande wa Rubya. Daktari alikuwa anangoja. Kliniki mbili tulikwishakosa, na mke wangu alikuwa amesema mguu wa mama asubuhi unachukua muda mrefu zaidi kunyooka kuliko mwezi uliopita. Nilimsikia mama anaanza kurudi ndani, hatua na mkongojo, hatua na mkongojo. Ukitaka kujua kuchanganyikiwa ni nini, simama na ufunguo wa gari mpya mkononi usikilize sauti hiyo.

Halafu mkongojo ukasimama.

"Mwambie mume wako," mama akamwambia mke wangu, nami nikiwa karibu kiasi cha kusikia hata anavyovuta pumzi, "apeleke gari pale alipokuwa anapakilia ndizi."

"Mama anasema upeleke gari pale ulipokuwa unapakilia ndizi," mke wangu akasema.

"Nimesikia."

"Amesikia, mama."

Uwanja wa nyumba ile, upande wa njia, unaishia kwenye kingo ndogo ya mawe. Siyo ndefu, ni kama ngazi moja. Nilipokuwa kijana wa baiskeli nilikuwa naiegemeza baiskeli chini ya kingo ile, nikisimama juu yake nafunga mikungu bila kuinua sana. Vibanja vingine vilikuwa na ndizi nzuri kuliko hiki. Nilikuwa nakuja hapa kwa sababu ya kingo, na baadaye kwa sababu ya binti aliyekuwa ananihesabia mikungu. Miaka yote hiyo nimepita pale na magari yangu sikuwahi kuitazama tena. Kingo ni ya mtu wa baiskeli.

Nikaishusha gari, nikaisogeza mpaka ubavu wake ukakaribia mawe, nikafungua mlango juu ya kingo. Nikaenda tena kutazama mibuni. Mkongojo ukaja taratibu. "Geuka, mama," mke wangu akasema. "Rudi." Halafu nikasikia kiti kinapokea uzito, sauti ndogo ya ngozi mpya, na mke wangu akicheka na kulia kwa pamoja.

Hakuna aliyembeba.

Nilipoingia kuendesha, kioo cha katikati nilikigeuza kikatazama paa, ili nisikutane na uso wake. Tukatoka Nshamba, tukaipita Muleba, tukashika lami. Naendesha kwa vioo vya pembeni, nasikia jasho. Mbele kidogo ya Muhutwe nikahama kukwepa baiskeli, na basi lililokuwa nyuma yangu, ambalo sikuliona kabisa, likapiga honi mpaka mke wangu akapiga kelele. Likatupita karibu kiasi cha kunusa breki zake.

Sauti ya mama ikatoka nyuma yangu:

"Mwambie mume wako akirudishe kioo chake mahali pake. Huyu nilimwona uso siku nyingi, pale kwenye kingo, akiiba macho kwa binti yangu na mikungu anahesabu vibaya. Leo anaogopa nini?"

Shemeji, aliyekaa mbele na mimi, aligeuza uso dirishani, mabega yanamtikisika. Mke wangu hakuhitaji kunifikishia. Nikakirudisha kioo. Nikamwona kwa mara ya kwanza kwa karibu. Mama mdogo kuliko sauti yake, kanga mpaka kwenye paji, mkono mmoja umeshika ule mshikio wa juu ya mlango, anatazama ziwa lililoanza kuonekana upande wa Kemondo. Hakunitazama. Nami nilitazama mabasi.

Pale hospitali tulimshusha kwenye ukingo wa baraza, akasimama mwenyewe. Daktari akamkunja na kumkunjua mguu mpaka mimi nje nikauma meno. Alisema tumechelewa lakini hatujachelewa sana. Akasema pia kwamba kigoda cha jikoni ni adui, kiko chini mno na hakina mikono. Nyumbani atafute kiti chenye mikono, cha urefu wa wastani, akae na kuinuka hapo kila siku, ndilo zoezi lenyewe.

Watu wakiona ninavyopita na ile nyeupe wananiuliza, mzee, kati ya aina hii na ile ipi bora? Nawaambia la kwangu. Nyeupe inakunywa, hilo usidanganywe. Tairi zake pana zina bei. Lakini nimeipitisha kwenye matope meusi ya Ngenge wakati wa mvua, nikiwaendea watu wa mahindi, na ilitoka yenyewe. Ile nyekundu ilinunuliwa na mtu wa Bukoba. Nikipishana nayo najikuta nageuza shingo, imetulia, haina kelele, nawaza labda. Halafu tuta linanirusha, narudi kwenye shughuli zangu. Wengine wanataka niseme neno moja. Neno moja sina. Mpaka leo sijui kama nilinunua gari sahihi kwa kipimo kibaya au gari mbaya iliyookolewa na kingo.

Na nilidhani angalau habari ya kiti imekwisha. Juzi nimekwenda Nshamba kwenye kahawa. Nimeingia sebuleni, mama hakukimbilia ndani. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkongojo umeegemezwa ukutani mbali naye, kanga imeshuka usoni lakini amesimama. Nikainamisha macho. Ndipo nikakiona kile kiti cha mninga. Shuka hakuna. Kitambaa cheupe kimechakaa mahali pa kukalia. Na chenyewe kimekuwa kifupi.

"Fundi alikipunguza miguu," akasema. Alisema na mimi, hapakuwa na mtu wa kunifikishia. "Daktari alitaka kiti chenye mikono. Humu ndani hakikuwepo kingine."

Mkononi nilikuwa na ufunguo, na kwenye ufunguo nimefunga ile kamba ya mgomba, sikuitupa. Nikaishusha pembeni ya kiti, sijui hata kwa nini. Fundo likabaki linaning'inia juu ya mto kwa upana wa kiganja. Kiganja kilekile. Sawasawa na kiti cha ile nyekundu.

"Kaa, baba," mama akasema. "Kinatutosha wote."

Nikatazama kiti, nikatazama pazia ambalo hakuna aliyekuwa nyuma yake, nikawaza kama ninapewa heshima au ninanyang'anywa, na kama mkwe anakaa mwenye nyumba akiwa amesimama. Yeye akanisubiri, amesimama kwa miguu yake miwili.

Nikakaa. Magoti yalipanda karibu na kifua, na kamba nilikuwa bado nimeishika.